Mtazame Machoni

Aliyemfundisha Yasinta kumtazama mtu machoni ni mimi, Evodia. Watu wa mtaa wetu wa Mandewa, hapa Singida, wanalisema hilo nikishawapa mgongo, halafu wakinikuta dukani wananiuliza habari za kuku wangu. Basi nalisema mwenyewe, tena kwa sauti, wachoke kunong'ona.

Nilikuwa opereta wa simu kwa miaka kumi na sita. Enzi hizo ukitaka kuongea na mtu wa Dodoma au wa Tabora unanyanyua simu, unanikuta mimi, nakuunganisha. Kiingereza changu nilikinoa huko huko kwenye waya, na mapadri wa misheni, na wazungu wa miradi ya maji, na wakubwa waliokuwa wanajifanya hawajui Kiswahili. Wote waliijua sauti yangu na hakuna aliyewahi kuiona sura yangu. Mwaka tisini na nne tukaitwa ofisini watu kumi na mmoja, tukaambiwa mambo yamebadilika, sasa ni soko huria, kwa hiyo tumepunguzwa. Tumepunguzwa! Utadhani sisi ni chumvi kwenye mboga. Nikarudi nyumbani nikapaka chokaa chumba cha mbele, nikapanga mabenchi matatu, nikatundika kibao nje: KIINGEREZA CHA MAONGEZI NA CHA KAZI.

Kwa miaka miwili kibao kile kilinitia aibu tu. Walikuja vijana, wakakaa wiki mbili, wakajifunza kusema "good morning" kwa mbwembwe, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyepata kazi kwa sababu yangu. Majirani walikuwa wanajua hivyo na mimi nilikuwa najua kwamba wanajua. Nakumbuka hilo vizuri kwa sababu lilichangia sana kwenye upumbavu nilioufanya baadaye.

Yasinta alikuja mwezi wa pili, mwaka tisini na sita. Alikuwa mjane wa miaka ishirini na nane, amemaliza kidato cha nne, hesabu zake safi, mdomo wake umefungwa. Mume wake, Ignas, alikuwa dereva wa lori, na lori lilimlalia pale Mkiwa kwenye njia panda, mwaka mmoja nyuma. Alimwachia watoto wawili, Leah wa miaka minane na Manase wa miaka mitano, na chumba kimoja cha kupanga nyuma ya nyumba yangu.

"Shikamoo mwalimu," alisema, akiwa ameshika mlango. "Nataka kujifunza kuongea. Kuna kazi."

"Marahaba. Kazi gani?"

Ilikuwa ni kazi ya karani wa mizani. Kampuni moja ya wageni ilikuwa imekodi ghala la zamani la ushirika ili inunue alizeti ya mkoa mzima, na ilitaka karani wa kupima magunia na kuandika stakabadhi. Usaili ungefanyika mwezi wa nne, kwa Kiingereza, mbele ya meneja mzungu.

"Na usipoipata?"

Akatazama miguu yangu. "Watoto watachukuliwa, mwalimu."

Akanieleza. Baba wa marehemu, huko kijijini Sepuka, alikuwa amemtuma Simeoni, shemeji yake Yasinta, na maneno haya: mjane apewe mpaka mavuno. Akiwa na kazi ya kueleweka, watoto wabaki mjini wasome. Asipokuwa nayo, watoto warudi kwa babu yao Sepuka, na yeye akitaka awafuate, nyumba ipo na Simeoni yupo. Nadhani unaelewa maana ya "Simeoni yupo." Yasinta alielewa, na alikuwa anamjua Simeoni na pombe yake.

Nikamwambia akae. Somo la kwanza nililianza siku hiyo hiyo.

Matamshi hayakutusumbua sana. Alikuwa anasema "sikulu" na "tebulu" na "sikeli," nikamwekea kioo kidogo mbele ya mdomo, nikamwambia atazame midomo inavyofunga neno kabla halijaongeza irabu mwishoni. Wiki mbili tu, mambo yakanyooka. Alikuwa na sikio zuri yule dada. Ningempata miaka ya themanini ningemwingiza kwenye bodi ya simu akae kiti cha pili kutoka kwangu.

Mwili ndio ulinitoa jasho. Nilikuwa na kijitabu kilichochapwa kwa stenseli, aliniachia mzungu mmoja wa mradi wa visima, kinaeleza jinsi ya kuingia kwenye intavyuu. Kilisema: mtazame machoni anayekuuliza. Mpe kila mtu mkono, ubane barabara. Kaa wima. Usifunike mdomo ukicheka. Ukijibu, toa mfano, taja jina la mtu. Sasa Yasinta alikuwa anaingia amepinda mgongo, akinipa mkono wa kulia, wa kushoto unapanda kukishikilia kiwiko kwa heshima, macho yako chini, na kanga inatafuta mdomo. Nilimkaripia mpaka nikachoka. Mwishowe nikachukua kanga hiyo hiyo nikamfunga mkono wa kushoto kwa nyuma, nikamwambia aingie hivyo, atoke, aingie tena. Aliingia mara thelathini. Leah alikuwa amekaa kizingitini anacheka, mama yake naye akacheka, na safari hiyo hakufunika mdomo kwa sababu hakuwa na mkono wa kufunikia.

"Mwalimu," aliniuliza jioni moja, "na wewe ulikuwa unawatazama hivi hivi?"

Nikamjibu ndiyo. Haya, huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Miaka kumi na sita niliongea na wazungu nikitazama nyaya.

Tukaweka alama yetu. Nilikuwa nakaa kama meneja, na kofia ya marehemu baba yangu kichwani, namuuliza maswali. Akianza kushusha macho, napeleka vidole viwili kwenye macho yangu mwenyewe, hivi. Hapo anakumbuka, anainua uso. Baada ya mwezi hakuhitaji tena maneno. Vidole vikipanda, uso wake unapanda.

Nilipomwambia anitajie kwa Kiingereza ndugu wote wa mume wake, ndipo nilipojua habari ya mzee. Alimtaja Simeoni, akataja mawifi, akataja mpaka binamu. Alipofika kwa baba mkwe alinyamaza.

"Jina lake?"

Akacheka kidogo kwa aibu. "Yule mzee wa Sepuka," alisema kwa Kiswahili.

Katika ukoo ule mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Hampi mkono. Hali chakula mahali anapoonekana. Wakikutana njiani, mwanamke anaacha njia na kugeukia porini mpaka mzee apite. Na jina lake halitamkwi. Hata kama kuna jirani mwenye jina hilo hilo, atafutiwe lingine. Miaka tisa ya ndoa Yasinta alikuwa hajawahi kulitamka. Hata kwetu Iramba mkwe ni mkwe, nilikuwa nayajua mambo hayo. Ila mimi sikuolewa, sikuwahi kuwa na mkwe wa kumkimbia njiani, kwa hiyo nilikuwa nayajua kwa kusikia tu. Nikamwambia haya, turuke, taja mwingine.

Siku moja kabla ya intavyuu, saa tisa mchana, alipita Gasto, dereva wa kampuni, kuomba maji ya rejeta. Alikuwa mtu wa maneno mengi.

"Kesho alfajiri natumwa Sepuka, mwalimu," alisema. "Nimchukue Mzee Alute, mwenyekiti wa wakulima wa alizeti. Atakaa kwenye kamati. Wakulima wamegoma kabisa, wanasema makarani wa zamani waliwaibia kwenye mizani, safari hii karani hachaguliwi bila mtu wao kuwepo."

Nikashika ndoo vizuri isinidondoke. Mzee Alute ndiye baba yake marehemu Ignas, jina hilo nililisikia kwa majirani siku za msiba. Ndiye yule mzee wa Sepuka.

Kamati ilikuwa haijui kwamba Yasinta ni mkwe wa mzee, maana kwenye barua yake ya maombi Yasinta alitumia jina la baba yake. Na yeye Yasinta hakujua, kwa sababu mzee hakuwahi kumwambia lolote moja kwa moja. Kila kitu kilipita kwa Simeoni, na Simeoni alileta habari alizotaka.

Saa kumi Yasinta alikuja kufanya zoezi la mwisho. Jamani, alikuwa amewiva! Aliingia wima, akanipa mkono, macho kwenye macho, akajibu maswali kumi na mawili bila kujikwaa. Nilimuuliza: mtu akileta gunia lililoloweshwa maji ili liwe zito, utafanyaje? Akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka: nitalirudisha, hata kama ni la mwalimu wangu Evodia. Tukacheka wote wawili. Nilikuwa na dakika nzima ya kumwambia. Nilikuwa na jioni nzima.

Nikanyamaza. Nilijiambia akijua hatalala, ataharibu, au hataenda kabisa, na asipoenda watoto ndio hao wanakwenda. Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini nisiwadanganye: nilitaka pia mtu mmoja, mmoja tu, wa kumwonyesha Mandewa na kusema, huyu nimemtoa mimi.

Usaili ulifanyika kwenye ofisi ya ghala. Dirisha lake halikuwa na kioo, lilikuwa na wavu tu, na sisi tuliowasindikiza watu tulisimama barazani tukaona kila kitu. Mezani walikuwa watatu. Katikati meneja mzungu, mtu mwekundu mwenye sauti kubwa. Kulia kwake dada mmoja wa utumishi aliyetoka Arusha, ndiye aliyekuwa anatafsiri. Kushoto Mzee Alute, amevaa koti la kijivu lililopigwa pasi, fimbo katikati ya magoti.

Yasinta aliitwa wa nne. Aliingia kama tulivyofanya, wima. Akampa mkono meneja, akaubana barabara, akasema salamu yake. Akampa mkono yule dada. Akageuka kwa mtu wa tatu, mkono umeshatangulia, ndipo akamwona.

Niliuona mkono wake wa kushoto unapanda kutafuta kiwiko. Ukafika nusu. Magoti yalianza kupinda, uso ukageukia ukutani, na nikajua sasa anapiga magoti pale chini na kazi imekwisha. Meneja alikuwa anatazama, kalamu juu. Macho ya Yasinta yakazunguka chumba, yakafika dirishani, yakanikuta.

Nikapeleka vidole viwili kwenye macho yangu.

Hakuna aliyenituma. Ni mimi. Mkono wa kushoto ukashuka, uso ukapanda, akamtazama baba mkwe wake machoni na kumnyooshea mkono. Mzee hakuutazama ule mkono, alitazama fimbo yake. Meneja akacheka, akasema kitu kama "karibu, karibu, usiogope wanawake," na mzee hakuwa na la kufanya mbele ya wageni. Akatoa vidole vyake. Yasinta akavishika.

Mengine yalikwenda kama maji. Alijibu habari za mizani, za kujumlisha, za kuamka mapema. Meneja alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Halafu akamwambia mzee aulize la kwake kwa niaba ya wakulima. Mzee aligeukia ukutani, akamwambia yule dada wa utumishi, "Muulize. Mtu akilowesha gunia, atafanyaje?"

Hata hapo alikuwa anamwachia njia, nyie! Alikuwa hamsemeshi yeye, anasema pembeni, naye angeweza kujibu pembeni, macho chini, na wote wawili wakatoka pale wakiwa bado ni mkwe na mkwe. Mimi naliona sasa. Siku ile niliona swali letu tu, lile lile tulilolifanyia mazoezi, nikafurahi mpaka nikashika wavu.

Yasinta akasema kwa Kiingereza kwamba angelirudisha.

"Hata la mtu mkubwa?" meneja akauliza. Alikuwa anaupenda mchezo. Akanyoosha kalamu kwa mzee. "Hata la huyu?"

Yasinta akatazama dirishani tena. Na mimi, Mungu anisamehe, vidole vilikuwa bado viko juu.

Akamgeukia mzee. Akamtazama. "Hata Mzee Alute," alisema. "Nitamrudisha."

Meneja akapiga meza kwa kiganja, akacheka sana. Yule dada akaanza kutafsiri, mzee akainua mkono akamkatiza. Jina lake halikuhitaji kutafsiriwa.

Walipomaliza kuwasaili wote saba, meneja aliwauliza wenzake maoni yao mlango ukiwa wazi. Mzee alisema maneno machache tu, nikayasikia mwenyewe. "Apewe yule wa nne. Huyo hataiba." Akachukua fimbo yake, akapita katikati yetu barazani bila kumtazama mtu, akapanda gari la Gasto.

Nje Yasinta alikuwa ameketi juu ya mawe. Watu wanampongeza.

"Mwalimu, ulijua atakuwepo?"

"Sikujua," nikamjibu.

Jumamosi ya wiki ile ile, asubuhi, Simeoni alikuja na shangazi yao mmoja. Siku hiyo alikuwa hajanywa, na hilo lilinitisha zaidi. Aliketi kwenye kiti alichopewa, akatoa ujumbe kama alivyotumwa, neno kwa neno.

"Mzee anasema hivi. Kazi umepata, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema upewe, riziki yako hajaizuia. Lakini mwanamke aliyemshika mkono na kumtaja jina mbele ya watu siyo mkwe wake tena. Na kama siyo mkwe, wajukuu wake wanakaa kwako kwa sababu gani?"

"Nilikuwa kwenye usaili," Yasinta alisema. "Shemeji, ule ulikuwa usaili."

"Mimi nimetumwa tu."

Ipo njia, alisema. Aiache hiyo mizani, aje Sepuka na kondoo jike, apige magoti mbele ya wazee, maneno yale yaoshwe, na abaki huko huko na watoto wake. Alipofika hapo Simeoni alikohoa akatazama pembeni. Nilidhani Yasinta atapiga kelele. Hakupiga. Alifunga nguo za watoto kwenye kanga ile ile niliyomfungia mkono, akamwosha Manase miguu, akampaka mafuta. Leah alikuwa anang'ang'ania mlango. Shangazi alivibandua vidole vyake kimoja kimoja huku akimwimbia taratibu kwa Kinyaturu.

Jumatatu nilikwenda Sepuka. Nilinunua kondoo kwa pesa yangu, nikampakia juu ya basi, nikashuka naye kwenye vumbi, nikamvuta mpaka kwa Mzee Alute. Alinikaribisha vizuri. Nikamwamkia, akaitikia, nikaletewa kigoda na maji ya kunywa. Watoto sikuwaona.

"Mzee, kosa ni langu," nikamwambia. "Mimi nilijua utakuwepo, nikamficha. Mimi nilimwonyesha ishara pale dirishani. Yule binti alitaka kukupigia magoti, nimemzuia mimi."

Alikuwa anamtazama kondoo.

"Nilikuona dirishani," alisema. "Mwalimu, mimi nina wakwe watano. Wote wana akili, na wengine wana shule. Huyu ndiye niliyekuwa namheshimu kuliko wote, maana kumlilia mwanangu alimlilia vizuri. Nilikaa kwenye ile meza ili asipate mtu wa kumwonea. Sasa hapa kijijini wananiuliza, kweli mke wa mwanao amekutaja? Nimjibu nini mtu?"

"Waambie ni mambo ya wazungu."

"Wazungu wataondoka," alisema. "Mimi nitazikwa hapa. Kondoo mrudishe, maana siyo wewe uliyenitaja."

Nikarudi na kondoo wangu. Sitasahau safari ile, watu wote wanaulizia bei.

Nilimweleza Yasinta kila kitu jioni hiyo, pamoja na lile nililomficha. Alikuwa ananyoosha sare mpya ya kampuni. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Utakwenda Sepuka?" nikamuuliza.

"Nikienda napewa Simeoni. Leah akimaliza la saba anaozwa. Nani atamtoa?" Akapindua ile nguo. "Nitafanya kazi. Nitaweka pesa. Kuna siku nitakwenda mahakamani na karatasi zangu za mshahara, niwatoe wote wawili."

"Mahakama itachukua muda, mwanangu."

"Usiniite mwanangu," alisema. Mwisho wa wiki akahama, akapanga upande wa pili wa Mandewa.

Mavuno yalianza mwezi wa sita. Foleni ya magunia ilikuwa inatoka mlango wa ghala mpaka barabarani. Nilikuwa na magunia yangu mawili kutoka kashamba kangu, nikasimama na wengine. Watu walikuwa wanasifia. Karani huyu haibi hata gramu, haogopi mtu, anakutazama usoni anakwambia kilo zako. Nilisikia mama mmoja akisema amefundishwa na Evodia, na nilitamani ardhi ipasuke. Nilipofika mbele Yasinta aliniangalia machoni, sawasawa kabisa na nilivyomfundisha, akasema, "Kilo mia moja na nane. Saini hapa." Basi.

Nilikuwa bado nahesabu stakabadhi pembeni trekta la Sepuka lilipoingia na tela. Juu ya magunia alikuwa Simeoni, na kando yake Leah, amenyolewa nywele, amefunga kitambaa kiunoni kwa kazi. Nikamwona Yasinta anasimama, anakaa, anasimama tena. Kila mtu kwenye foleni alikuwa anajua hadithi ile, si unajua Singida.

Magunia ya Mzee Alute yalikuwa saba. Yasinta aliingiza mkono katika kila moja mpaka chini, kama alivyomfanyia kila mkulima. Yalikuwa makavu kuliko yote yaliyoletwa siku ile. Akaandika. Gunia la mwisho lilikuwa dogo, nusu tu, na Leah ndiye aliyelibeba kichwani. Akapanda nalo kwenye jukwaa la mizani, akalitua, akabaki amesimama hapo kando ya gunia.

"Shikamoo, karani," alisema.

Alinyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umeshika kiwiko, vizuri kabisa, na macho yalikuwa kwenye vidole vya miguu yake.

"Leah," Yasinta alisema. "Leah. Niangalie."

Mtoto hakuinua uso.

"Mama, niangalie kidogo tu," Yasinta akamwambia. "Ni mimi."

"Babu amesema mtu mkubwa hatazamwi machoni," Leah alisema taratibu. "Amesema ndiyo maana wewe ulifukuzwa."

Yasinta aliweka kalamu chini. Akapanda kwenye jukwaa la mizani mbele ya wakulima wote na vibarua wa kampuni, na sare yake mpya, akapiga magoti. Akainama mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mtoto, akautafuta kwa chini, ili hayo macho yaliyoinama yamkute hapo hapo yalipo. Wazee wawili kwenye foleni waligeuka upande wa barabara. Nami nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale, na vidole vyangu vimeganda kwenye stakabadhi.

Leah alimwona mama yake anakuja. Midomo ikamcheza. Akafumba macho, akayabana sana, mpaka machozi yakapenya.

Simeoni akamwita. Akashuka kwenye mizani akipapasa kwa mguu, macho yamefumbwa bado, akaenda.